Kwa nini waandishi wa siasa kali za kushoto nchini Ufaransa hawaweki majina yao kwenye vitabu?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu, salaam. Nimemaliza kusoma *L'insurrection qui vient*, kitabu chembamba kilichotolewa na jumba la uchapishaji la La Fabrique la Paris mwaka 2007, na kilichonikaa kichwani ni jalada lake kuliko hoja zake. Mahali pa mwandishi pameandikwa *Comité invisible*, yaani Kamati Isiyoonekana, basi. Hakuna wasifu wala picha, na hakuna mtu anayekwenda redioni kukitetea. Mwaka 2014 wakatoa *À nos amis*, mwaka 2017 wakatoa *Maintenant*, na jina ni lile lile. Dai langu ni kwamba huu ni woga uliovikwa joho la falsafa. Anayewahimiza vijana wapambane na dola, huku yeye mwenyewe akikataa kuweka sahihi chini ya maneno yake, anadaiwa maelezo, hasa kwa kuwa Ufaransa si nchi ambayo mtu ananyongwa kwa sababu ya kitabu. Wenye kujua wanielimishe, na wanaopinga wapinge kwa hoja.

#2 Binti wa Mrima
Ndugu Kalamu Kavu, kabla ya kuita woga, tazama kilichofuata. Tarehe 11 Novemba 2008 polisi wa kupambana na ugaidi waliingia Tarnac, kijiji cha Corrèze chenye wakazi mia tatu na kitu, wakawakamata vijana waliokuwa wamefufua duka la kijiji, na wengine wakakamatwa sehemu nyingine. Walishutumiwa kwamba siku chache kabla walitundika vyuma kwenye nyaya zinazozipa umeme treni za mwendokasi, treni nyingi zikachelewa, ingawa hakuna aliyeumia. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Michèle Alliot-Marie, alijitokeza siku hiyo hiyo kuzungumzia kundi la kushoto kabisa lenye mwelekeo wa kianarkisti, yaani wa kupinga kuwapo kwa dola, kana kwamba hukumu ilikwisha kutoka. Kitabu unachokisema kikawekwa ndani ya jalada la kesi, na waendesha mashtaka wakamchukulia Julien Coupat, mmoja wa waliokamatwa, kuwa ndiye mwandishi wake mkuu. Yeye alikana. Alikaa mahabusu hadi tarehe 28 Mei 2009. Kwa hiyo jina kwenye jalada la kitabu lingegeuka kielelezo namba moja mahakamani. Huo unauita woga?

#3 Wakili wa Mtaa
Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo mmeyachanganya. Sheria ya uhuru wa uchapishaji ya Ufaransa ni ya tarehe 29 Julai 1881. Kifungu chake cha 3 kinataka kila chapisho linalotolewa kwa umma libebe jina na anwani ya mpiga chapa. Kifungu cha 42 ndicho kitamu zaidi, kwa sababu kinapanga foleni ya watu wa kushtakiwa: kwanza mkurugenzi wa chapisho au mchapishaji, akikosekana mwandishi, akikosekana mpiga chapa, na wote hao wakikosekana, muuzaji, msambazaji na hata mbandika mabango. Maana yake ni kwamba kwa kosa la uchapishaji dola haihitaji kabisa kumjua mwandishi, kwa sababu mchapishaji anafahamika na anwani yake ipo. Kutoweka jina, kwa hesabu hiyo, hakuzuii kesi. Kunahamisha tu mtu wa kusimama kizimbani.

Kesi ya Tarnac, hata hivyo, haikufunguliwa chini ya sheria hiyo. Ilifunguliwa kama kesi ya kula njama za kigaidi, ambamo kitabu kilitumika kuonyesha nia ya watu kuhusu jambo jingine kabisa. Hapo ndipo jina la mwandishi linapokuwa hatari. Nadhani #1 anazungumzia sheria ya kwanza na #2 anazungumzia ya pili, ndiyo maana mnapishana.

#4 Mzee wa Lyon
Shukrani, Wakili. Umenisaidia kulitaja jina ambalo watu wanalipita haraka, la Éric Hazan. Alikuwa daktari wa upasuaji kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye vitabu, akaanzisha La Fabrique mwaka 1998, na ndiye aliyekitoa kitabu hiki. Aprili 2009 polisi wa kupambana na ugaidi walimwita kama shahidi, wakamhoji kwa zaidi ya saa tatu, na swali waliloling'ang'ania ni moja: nani aliandika? Alikataa kuwajibu. Amefariki Juni 2024 bila kulijibu hadharani.

Mimi nakaa Lyon tangu nikiwa mwanafunzi, na nakala yangu niliinunua kwa yuro 7 katika duka la vitabu lililokiweka wazi karibu na mlango, hakikufichwa chini ya meza. Kitabu hakikuwa cha siri, ila mwandishi wake ndiye aliyekuwa siri. Kwa maoni yangu hii ndiyo desturi ya Kifaransa hasa: nyuma ya kila andiko lisilo na jina yupo mtu mmoja aliyelitoa lake. Mwaka 1970, wakurugenzi wawili wa gazeti la Kimao (la wafuasi wa fikra za Mao wa China) la *La Cause du peuple*, Jean-Pierre Le Dantec na Michel Le Bris, walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Aliyejitokeza kuwa mkurugenzi ni mwanafalsafa maarufu Jean-Paul Sartre, akiwa na miaka karibu 65, akatoka na mwandishi Simone de Beauvoir kuligawa mitaani. Polisi walimchukua, wakamwachia. Wauzaji wadogo wa gazeti lile lile walikuwa wakifungwa. Sasa niambieni kama jina ni kitu kimoja kwa watu wote.

#5 Chizi Maarifa
Nawasoma kwa makini, mabwana na mabibi, na nacheka peke yangu. Mjadala mzito kuhusu watu wasiotaja majina yao, wachangiaji wakiwa Kalamu Kavu, Binti wa Mrima na Mzee wa Lyon! Haya, anayeanza kuweka jina la kwenye kitambulisho ni nani?

Baada ya utani, nina maelezo ya tatu, nayo ni biashara. Kitabu cha yuro 7 kilichoandikwa na mtu asiyejulikana kingekufa kimya kimya. Mtaalamu wa mambo ya usalama Alain Bauer alikiona, akanunua nakala 40 akawasambazia wakubwa wa vyombo vya usalama. Kesi ya Tarnac ikakipeleka kwenye kurasa za mbele. Tafsiri ya Kiingereza ilipotangazwa mwaka 2009, mtangazaji Glenn Beck wa Fox News akawaonya watazamaji wake Marekani kwamba kitabu hiki ni cha hatari, na mauzo yakapanda. Kampuni gani ya matangazo ingeweza kufanya kazi hiyo bure? Jina lililofichwa linamvuta mnunuzi kuliko jina linalojulikana.

#6 Binti wa Mrima
Chizi, biashara ilikuja baadaye. Haiwezi kuwa sababu ya uamuzi uliofanyika mapema. Mwaka 2007 hakuna aliyejua kwamba Bauer angefungua pochi yake.

Mimi naona jibu limo ndani ya kitabu chenyewe, kwa anayekisoma tangu kurasa za mwanzo. Kinasema wazi kwamba kimetiwa sahihi kwa jina la kikundi cha kubuni, na kwamba walioandika si waandishi bali makarani wa hali iliyopo: wamepanga tu yale yanayosemwa kwenye meza za baa na nyuma ya milango ya vyumba vya kulala. Mbele zaidi kuna sehemu nzima inayoshauri kukwepa kuonekana na kuugeuza utu usiojulikana kuwa silaha. Hoja yao ni kwamba ulimwengu wa leo unamtaka kila mtu ajitangaze na awe na sura ya kuuza, na kwamba dola inapambana kwa urahisi na kundi lenye kiongozi mwenye jina, lakini haijui ipige wapi penye maneno yasiyo na mwenyewe. Unaweza kuikataa hoja hiyo, ila ni msimamo waliokuwa nao tangu jarida la *Tiqqun*, linalohusishwa na kundi hilo hilo, lililotoka mara mbili tu, mwaka 1999 na 2001, bila jina la mtu yeyote.

#7 Fundi Chapa
Dada Binti wa Mrima, nusu yake ni sahihi. Makala za *Tiqqun* hazikuwa na majina, lakini toleo la kwanza lilikuwa na orodha ya bodi ya wahariri yenye majina ya watu, la Coupat likiwemo. La pili ndilo lililoiacha orodha hiyo. Tofauti hiyo ndogo inaharibu kidogo hadithi ya msimamo uliozaliwa ukiwa umekamilika: watu hao walianza na majina, kisha wakayaondoa.

Kwa kuwa nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kwenye mashine za kuchapa, naomba niwarudishe nyuma hadi wakati Wajerumani walipoikalia Paris katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu huko ndiko mazoea haya yalikopata heshima yake. Mwaka 1941 mchoraji Jean Bruller aliandika hadithi fupi, *Le Silence de la mer*, akatia jina Vercors. Kwa kuitoa hadithi hiyo, yeye na Pierre de Lescure walianzisha jumba la siri la Les Éditions de Minuit. Mpiga chapa wao alikuwa Oudeville, mwenye karakana ndogo ya kazi za kadi na mialiko, karibu na hospitali ya Pitié ambayo Wajerumani walikuwa wameichukua kuwatibia askari wao. Alichapa kurasa nane nane, kwa sababu mashine yake haikuweza zaidi na herufi za madini ya risasi hazikutosha. Akimaliza fungu moja anazivunja herufi na kupanga upya, na karatasi zilizochapwa zinahamishwa kwenda kushonwa kwingine. Aliyewahi kupanga herufi kwa mkono anajua kwamba kazi hiyo haifichiki ghafla mtu anapogonga mlango.

Tazameni pia majina waliyoyachagua waandishi wa jumba hilo. Vercors ni safu ya milima. François Mauriac akawa Forez, Jean Guéhenno akawa Cévennes, Édith Thomas akawa Auxois, yote majina ya sehemu za Ufaransa, kana kwamba nchi yenyewe inaandika. Mwaka 1960, wakati wa vita vya Algeria kudai uhuru kutoka Ufaransa, Jean-Louis Hurst aliyekuwa ametoroka jeshi alitoa *Le Déserteur* kwa Minuit hao hao na kujiita Maurienne, bonde la milima ya Alpi. Alikuwa akimjibu Vercors, na kila msomaji alielewa alichokuwa akikidai: kwamba safari hii mkandamizaji ni Ufaransa. Kitabu kikapigwa marufuku. Jina la bandia, basi, linaweza kusema mengi kuliko jina la kuzaliwa.

#8 Kalamu Kavu
Fundi, nimefurahia sana, lakini umenipa fimbo ya kukuchapia. Mbele ya Oudeville palikuwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Mbele ya Kamati Isiyoonekana palikuwa na duka la vitabu la Mzee wa Lyon, tena karibu na mlango. Kuazima heshima ya kundi la kwanza na kulivika la pili ni ujanja.

Tena Ufaransa ina desturi nyingine yenye nguvu, ya kuweka majina waziwazi pale penye hatari. Septemba 1960, mwaka ule ule wa Maurienne, watu 121 walitia sahihi tamko la haki ya kukataa kwenda kupigana Algeria. Aprili 1971 wanawake 343 walitangaza katika *Le Nouvel Observateur* kwamba wamewahi kutoa mimba, wakati lilikuwa kosa la jinai. Sahihi zao ndizo zilizokuwa silaha. Kama wangeandika tu «wanawake kadhaa», nani angeshtuka?

#9 Wakili wa Mtaa
Mfano wa 343 ni mzuri, ila unafanya kazi kwa sababu maalumu: miongoni mwao walikuwamo Simone de Beauvoir na mwigizaji nyota Catherine Deneuve, na kuwashtaki kungekuwa aibu kwa serikali. Wasiojulikana walijificha katika umati uleule wa majina. Kwa upande wa 121, watumishi wa umma waliotia sahihi waliadhibiwa kazini, na wasanii wakafungiwa milango ya redio na televisheni ya taifa. Tunarudi kwa Sartre wa #4.

Naongeza kisa cha aina nyingine. Baada ya Auguste Vaillant kurusha bomu ndani ya Bunge mnamo Desemba 1893, zilipitishwa haraka haraka sheria za mwaka 1893 na 1894 dhidi ya waanarkisti, ambazo wapinzani waliziita sheria za kihalifu. Miaka michache baadaye *La Revue blanche* lilichapisha makala ya kuzichambua, iliyotiwa sahihi ya «mwanasheria» tu. Mwanasheria huyo alikuwa Léon Blum, kijana aliyekuwa akifanya kazi Conseil d'État, chombo kinachoishauri serikali na kuamua mashauri yake. Mwaka 1936 akawa Waziri Mkuu. Woga? Falsafa? Wala. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyetaka kusema kweli na kesho yake aamkie kazini.

#10 Shairi Guni
Salaam. Nashangaa mmefika mwaka 1894 bila kumtaja Félix Fénéon. Karani wa Wizara ya Vita mchana, mwanarkisti jioni. Agosti mwaka huo alisimamishwa mahakamani pamoja na wenzake katika Kesi ya Watu Thelathini, akajibu kwa kejeli mpaka ukumbi ukacheka, akaachiwa. Mwaka 1906 aliliandikia gazeti la *Le Matin* habari za mistari mitatu mitatu, mamia na mamia, kuhusu ajali, wizi, migomo na watu waliojiua, bila jina lake hata mara moja. Tunazijua kuwa ni zake kwa sababu mpenzi wake, Camille Plateel, alizikata moja moja na kuzibandika kwenye daftari. Kesi ilikwisha zamani, hapakuwa na fundisho lolote alilotangaza, wala hakuuza kitu. Wapo watu ambao kujitaja kunawakera tu, na nyuzi kama huu hazina nafasi kwa maelezo mepesi kiasi hicho.

#11 Mzee wa Lyon
Shairi Guni, umemtaja Camille nikakumbuka kina Camille wengine. Huko Notre-Dame-des-Landes, karibu na Nantes, watu walikalia mashamba kwa miaka kuzuia ujenzi wa uwanja wa ndege, hadi serikali ilipoufuta mradi tarehe 17 Januari 2018. Mwandishi wa habari akifika na kuuliza jina, kila anayehojiwa alikuwa Camille, mwanamume kwa mwanamke, maana jina hilo linawafaa wote. Gazeti linaandika «Camille anasema hivi» na ukurasa wa pili «Camille anasema vile», na msemaji hapatikani. Mabango ya maandamano ya wanafunzi na migomo ya Mei 1968, kutoka karakana ya chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts, nayo hayakuwa na jina la mchoraji, kwa kuwa kila mchoro ulijadiliwa na kupitishwa na mkutano wa wote. Hapo sioni cha kuficha. Kazi yenyewe ilikuwa ya wengi.

#12 Chizi Maarifa
Basi mniambie kuhusu *Manifeste conspirationniste* ya Januari 2022. Haina jina la mwandishi, na aliyeitoa ni Seuil, jumba kubwa la uchapishaji. Ukosoaji ulikuwa mkali, wengi wakakiona kitabu hicho kinawakumbatia waamini wa nadharia za njama kwa kisingizio cha kuwatetea, na magazeti yakakihusisha na Coupat. Hapa hakuna mkutano wa wote wala Gestapo. Kuna maneno mazito kuhusu janga la korona na hakuna wa kuulizwa. Kwenye hili nasimama na Kalamu Kavu, ingawa inaniuma.

#13 Binti wa Mrima
Chizi, unaweza kuyauliza maneno yenyewe. Mwaka 1980 *Le Monde* lilichapisha mahojiano na mwanafalsafa aliyeomba jina lake lisitajwe, na aliyapendekeza mambo kama hayo: kwa mwaka mmoja vitabu vyote vitoke bila majina, tuone wahakiki watafanya nini. Alikuwa Michel Foucault, na siri ikatunzwa alipokuwa hai. Kitabu kibaya ni kibaya hata kikiwa na picha ya mwandishi nyuma.

#14 Kalamu Kavu
Foucault alipojificha alikuwa tayari profesa wa Collège de France, taasisi yenye heshima kubwa, na ndiyo sababu *Le Monde* lilimpa ukurasa. Karani wa posta angejificha, nani angemtafuta? Na kuuliza maneno hakutoshi pale maneno yanapoelekeza vitendo, kwa sababu gharama anailipa msomaji. Vijana wa Tarnac walibeba mzigo wa kitabu ambacho hakuna aliyethibitisha kwamba walikiandika. Mwandishi yeyote mwingine angeweza kuwapunguzia mzigo kwa kujitokeza.

#15 Fundi Chapa
Au angeongeza mtu mmoja kwenye gari la polisi.

#16 Wakili wa Mtaa
Kwa kuwa sasa tunazungumzia nani alijificha nyuma ya nani, jalada la Tarnac lina jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Ushahidi mzito dhidi ya Coupat ulitoka kwa mtu aliyepewa namba tu, Shahidi 42, ambaye sheria ilimruhusu asitajwe na ambaye baadaye aliyageuka maelezo yake. Baadhi ya taarifa zilitoka kwa Mark Kennedy, askari wa Uingereza aliyeishi miaka kadhaa kati ya wanaharakati kwa jina la bandia. Kwa hiyo dola iliyokuwa ikimsaka mwandishi asiye na jina ilijenga kesi yake kwa mashahidi wasio na majina, na mahakama ililazimika kupima uzito wa karatasi za pande zote mbili.

Januari 2017 Mahakama ya Juu ya Rufani ilithibitisha kwamba shtaka la ugaidi limeondoka. Tarehe 12 Aprili 2018 mahakama ya Paris iliwaachia washtakiwa kwa mashtaka ya kuhujumu reli na kula njama, na hakimu akasema kwamba «kundi la Tarnac» lilikuwa jambo la kubuni. Hukumu haikuamua nani aliandika kitabu. Msiseme tu kwamba wote waliondoka wakiwa safi kabisa, kama nilivyosoma katika nyuzi nyingine: mmoja wao alipatikana na hatia kwa makosa madogo, miongoni mwayo yale yanayohusu vitambulisho.